Fundi wa kwetu

Kama mlisikiliza kipindi cha Februari, mtakumbuka kwamba sikuwepo, na mwenzangu akawaambia hewani kuwa siku hizi nimekuwa mtu mkubwa, sipatikani. Ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama, Small Heath, nimevaa koti na kofia ndani ya nyumba, namngoja fundi. Wengi mmeniuliza kilitokea nini. Basi nikae niseme.

Nianze na aibu yangu. Kazi yangu ni manunuzi. Jumatatu hadi Ijumaa nasoma bei za makampuni, nalinganisha tatu tatu, nauliza cheti kiko wapi, bima iko wapi, nani atawajibika mambo yakiharibika. Nina digrii mbili kwa ajili ya hiyo kazi. Lakini boila la mama lilipozima Desemba, sikuuliza hata swali moja. Mama alinipigia jioni kusema ameshampata mtu. "Nani?" nikauliza. "Kijana wa kwetu." Na mimi nikasema alhamdulillahi, nikarudi kwenye filamu yangu. Maneno matatu yakamaliza zabuni nzima.

Mliokulia nyumba kama yetu mnajua uzito wa hilo neno, "wa kwetu". Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa wa Tanga, wa Mombasa, wa Bukavu, hata Mbrava. Akisalimia kwa Kiswahili na kuvua viatu mlangoni, huyo ni wa kwetu. Kijana huyu alitoka kwenye grupu la WhatsApp la akina mama, lile linalouza vitenge, linalotangaza misiba na kutafuta wachumba, mote humo kwa pamoja. Alikuja usiku baada ya kazi yake nyingine, akafungua boila, akabadilisha kitu fulani, akalifunga, akala wali, akapokea paundi 120 taslimu. Boila likawaka. Mama akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kumsifu, na ndani yake dakika moja nzima ilikuwa kuuliza mbona mimi sina mchumba kama yule.

Baada ya wiki mbili mama akaanza kulalamika kichwa. Akasema ni presha. Lakini alikuwa anajipima kila siku, na presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kichwa kilimshika asubuhi akiwa jikoni, na akitoka kwenda madukani Coventry Road kinamwachia. Alinieleza hayo yote kwa simu, nikiwa ofisini, nikamwambia, "Pole mama, kunywa maji." Naandika kama nilivyosema.

Kilichoniamsha si kichwa cha mama. Ni boila lenyewe, lilipozima tena katikati ya Januari. Safari hii kijana hakupokea simu. Nikasema sasa naleta mtu kwa njia yangu, bei tatu, kama kazini.

Wa kwanza ilikuwa kampuni kubwa, yenye matangazo kila mahali. Walimtuma muuzaji, si fundi. Hakuligusa boila. Alikaa sebuleni na tableti yake akamwonyesha mama picha za familia inayocheka mbele ya rejeta. (Mama huziita hivyo, rejeta, kama ya gari, na sijawahi kumsahihisha maana neno bora kuliko hilo sina.) Akataja paundi 4,300, na punguzo ikiwa tutasaini kabla ya usiku wa manane. Mama hakuhitaji tafsiri. "Kizuri chajiuza," akaniambia, yule bwana akiwa bado anaongea. Wa pili alisema atakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Tunamngoja mpaka leo.

Wa tatu nilimpata kwenye orodha ya Gas Safe, kwa kuandika msimbo wa posta wa mama. Hapa niwape kidogo, maana nilipouliza marafiki zangu wa rika letu, wengi hawakujua. Gas Safe Register ndiyo orodha rasmi ya mafundi gesi hapa tangu tarehe 1 Aprili 2009. Kabla yake ilikuwa CORGI, ndiyo maana wazee bado wanasema "kogi, kogi". Mtu yeyote anayelipwa kushika boila au jiko la gesi lazima awe kwenye orodha hiyo, ni sheria, si mapendekezo. Kila fundi ana kadi yenye picha na namba, na ile namba unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao au kwa simu. Ila usiishie kwenye picha. Geuza kadi. Nyuma yake pameandikwa ni vifaa gani mwenye kadi ameruhusiwa kuvishika na mwisho wake lini. Kuna mwenye ruhusa ya jiko asiye na ruhusa ya boila.

Alikuja yeye na mpwa wake wa kike, anayejifunza kazi. Kampuni yao ndogo, ya hapo hapo mashariki mwa Birmingham, inafanya umeme na gesi pamoja. Mlangoni, kabla sijauliza, akatoa kadi. Nikaigeuza. Mama akauliza kwa sauti, "Anaonyesha nini huyo, kitambulisho? Kwani polisi?"

Alikaa jikoni nusu saa hivi. Alipotoka alikuwa hana mzaha tena. Akasema bomba la moshi lilipofungwa mara ya mwisho halikukaa sawasawa kwenye boila, na mpira unaoziba kiungo haupo. Moshi ambao ulipaswa kutoka nje ulikuwa unarudi ndani, na boila lenyewe lilikuwa haliunguzi gesi vizuri. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Akauliza nani alilishika mara ya mwisho. Nikamtazama mama, mama akatazama dirishani.

Kwa utaratibu wao, hali kama hiyo ina daraja lake, la juu kabisa: hatari ya papo hapo. Akaomba ruhusa alikate boila kwenye gesi, akalifunga, akatundika kibandiko cha onyo, akatoa fomu ya kusaini. Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

Ndugu zangu, hapo nilirudi kuwa na miaka minane. Maana nilianza kazi ya ukalimani kabla sijajua jedwali la saba. Mtu wa gesi, mtu wa baraza la mji, daktari, mwalimu wangu mwenyewe siku ya wazazi. Mama akisema, "Mwambie yeye ni mwizi," mimi nilisema kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru ila bei imezidi kidogo. Mtu wa baraza akiongea kwa dharau, mimi nilimwambia mama kwamba bwana anasema pole. Nilipunguza pande zote mbili ili amani ikae. Sote tuliokuwa wakalimani wa nyumbani ni waongo wazoefu, tusidanganyane.

Kwa hiyo nikasema, "Anasema boila limechoka, mama."

Yule binti akaniangalia. Hajui Kiswahili, lakini mjomba wake alikuwa ameongea dakika tatu na mimi nimetafsiri kwa sekunde mbili. Baadaye aliniambia kwao wanaongea Kipunjabi na yeye ndiye aliyekuwa anafanya kazi hiyo hiyo kwa bibi yake. Aliniangalia tu, hakusema kitu. Nikaanza upya.

"Mama, anasema moshi wa boila ulikuwa unaingia ndani. Vile vichwa vyako, huenda ndiyo sababu. Anasema ungeweza kufa."

Nyumbani kwetu neno kufa halitajwi hivi hivi. Husemwi umekufa, huambiwa umetutoka, umetangulia. Mama akakaa kimya, kisha akasema, "Huyu anataka kuniuzia jipya." Na kusema kweli, si ujinga kufikiri hivyo. Ametoka kumwona yule wa tableti. Nikatafsiri, safari hii bila kupunguza: mama yangu anadhani unatudanganya ili utuuzie. Fundi hakukasirika. Akasema alete mtu mwingine yeyote mwenye kadi aangalie, hata kesho, ila lisiwashwe usiku huu. Akatuandikia na namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, ambayo ni ya bure na inapokea saa ishirini na nne. Iandikeni na nyie. Akasisitiza mama aonwe na daktari. Tulikwenda siku hiyo hiyo. Boila lilikuwa limezima siku tano tayari, vipimo havikuonyesha kitu. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Ninachojua ni kwamba kichwa hakijarudi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini wakati anakusanya vyombo vyake, yule binti alishika waya wa ekstensheni jikoni akauondoa mkono haraka. Siku zote hizo tano mama alikuwa anaota hita mbili za umeme, zote zimechomekwa upande mmoja, na birika juu yake. Fundi akauliza boksi la fyuzi liko wapi. Liko chini ya ngazi, nikamwambia, na nikajua anakwenda kuona nini.

Anakwenda kumwona baba.

Marehemu baba alijifunza ufundi kwenye kiwanda cha mkonge, Muheza, miaka ya sabini. Mashamba yalikuwa yametaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ya mkonge inaporomoka kwa sababu dunia imehamia kwenye kamba za plastiki, na vipuri haviji. Fundi bora wakati ule alikuwa yule anayeifanya mashine itembee kwa kilichopo. Aliponunua nyumba hii mwaka 1991 alifanya hivyo hivyo. Jiko la nyuma alilivutia umeme mwenyewe, jioni baada ya zamu. Na kwenye boksi alibandika vipande vya plasta ya hospitali, kila fyuzi na jina lake kwa herufi zake kubwa: JIKO. NGAZI. JUU. CHUMBA CHA WATOTO. Nimeviona maisha yangu yote. Nadhani CHUMBA CHA WATOTO ndiyo maneno ya kwanza niliyosoma kwa Kiswahili.

Fundi alizima umeme, akachomoa fyuzi ya JIKO, akaigeuza mkononi. Kishikio kilikuwa cha ampia 15. Ndani yake ule uzi mwembamba, ambao kazi yake ni kuungua kwanza ili waya wa ukutani usiungue, ulikuwa wa ampia 30. Naweza kuwaambia hasa kilichotokea, japo sikuwepo: fyuzi ilikuwa inakatika kila mama akipika mchana wa Idi, baba akachoka kuibadilisha, akaweka nene. Haikukatika tena. Miaka thelathini na zaidi haikukatika. Badala yake waya nyuma ya jiko, ule wa zamani wa nyekundu na nyeusi, ulikuwa umebadilika rangi na ngozi yake ikawa inavunjika kama ganda la karanga.

"Nani alifanya hii?" akauliza.

Nikasema ni mwenye nyumba wa zamani.

Haikuchukua hata sekunde. Mama, ambaye Kiingereza chake hujitokeza pale anapokitaka yeye, akasema kutoka jikoni, kwa Kiingereza, "My husband." Kisha kwangu, kwa Kiswahili, "Unamkana baba yako mbele za watu?"

Sikuwa na jibu. Yule fundi akaliangalia boksi tena, na akasema kitu ambacho nimekitafsiri neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Alisema kazi ni safi, kila waya umenyooka na kila skrubu imekazwa, huyu alikuwa anajua kushika bisibisi. Ila waya si wa kazi hiyo na fyuzi si ya waya huo, na hiyo ndiyo inayochoma nyumba.

Mama akauliza, "Kwa hiyo baba yako alitaka kutuunguza?" Nikasema hapana mama. "Marehemu hakuwahi kuunguza hata soketi." Ndiyo mama. Tukawa tunarudia hivyo, yeye na mimi, mpaka binti alipokata kipande kidogo cha ule waya akampa mkononi. Mama akakisugua kwa kidole gumba, ngozi yake ikamwagika mezani. Akakinusa. Mtu aliyepikia mkaa utotoni hahitaji mkalimani wa harufu ya kitu kilichoungua. Akasema, "Haya. Watoe."

Bei waliileta kesho yake kwa maandishi, kurasa mbili, kila kitu na mstari wake: paundi 2,450 boila na kazi yake, 1,380 boksi jipya na kuvuta upya waya za jikoni. Jumla 3,830, chini ya lile boila peke yake la yule wa tableti. Alitutajia na pampu ya joto, maana serikali inatoa ruzuku ya paundi 7,500 kwa England na Wales. Mama alielewa haraka kuliko mimi, "Friji iliyogeuzwa, inatoa baridi nje inaleta joto ndani," lakini ingehitaji tangi la maji ya moto na nafasi uani, na kibaraza chetu cha nyuma kinatosha pipa la taka na ndoo ya mwarobaini ambao mama anakataa kukubali kwamba umekufa. Tukachukua boila.

Kazi ilichukua siku tatu. Waliweka king'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho kwa England tangu Oktoba 2022 ni lazima boila jipya linapofungwa. Boksi jipya lina kifaa kinachokata umeme mtu akishikwa, kabla moyo haujasimama. Na kubadilisha boksi lote ni kazi inayotakiwa kuripotiwa, ndiyo sheria tangu 2005, kwa hiyo fundi wa umeme aliyesajiliwa, kwa mfano na NICEIC au NAPIT, anairipoti mwenyewe na cheti kinakuja. Siku ya kuuza nyumba wakili atakitafuta. Baba alipovuta umeme wake sheria hiyo haikuwepo. Nilimwambia mama hilo, likamfariji kuliko yote niliyosema.

Siku ya mwisho binti alikuwa anaandika majina ya saketi kwenye karatasi ya kubandika boksini. Akauliza tunaitaje kila moja. Mama akachukua kalamu akanipa mimi. "Andika kama yalivyokuwa." Nikaandika JIKO, NGAZI, JUU. Kile chumba cha nyuma sasa ni cha cherehani, mimi nina miaka 34 na kaka yangu yuko Leeds na watoto wake. Nikauliza, hapa niandike nini? Mama akaniangalia kana kwamba nimeuliza jina langu. Basi nikaandika.

Lakini kulikuwa na kazi moja imebaki, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Yule kijana. Mama hakutaka nimseme. "Ana watoto watatu. Alikuja usiku, hakuna aliyekuja." Yote kweli. Na namba yake bado inazunguka kwenye grupu, watu wanampa nyota. Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikasahau yote alipopokea akasema, "Shikamoo dada," mtu tunayelingana. Nikamwambia bomba lilikuwaje na mama aliumwa vipi. Nikamwambia asishike gesi tena mpaka awe na kadi, na nikisikia ameshika nitampeleka mbele. Alinyamaza muda mrefu. Akasema nyumbani alikuwa fundi friji miaka kumi, na kwamba hapa kozi ni pesa nyingi. Kisha akasema, "Sawa dada." Akauliza hali ya mama. Sijui ile sawa ilikuwa sawa ya namna gani. Sisi tuna nyingi.

Wiki iliyopita mtu akauliza grupuni fundi wa boila. Kabla hajajibiwa nikaweka anwani ya Gas Safe, nikaeleza kwa Kiswahili namna ya kuhakiki namba na kwa nini kadi igeuzwe. Nikaweka na simu ya yule wa kwetu wa Kipunjabi. Dole gumba nne zikaja. Kisha shangazi mmoja wa Alum Rock akaandika, "Ahsante mwanangu. Lakini huyu anaongea Kiswahili?"